Emau ipi? Ulinganisho wa sehemu nne zinazodaiwa kuwa kijiji cha Luka 24

Ratiba mbili za hija zilipita mikononi mwangu ndani ya mwezi mmoja, zote za Nchi Takatifu. Katika moja, siku iliyoandikwa "Emau" basi linasimama Abu Ghosh. Katika nyingine, siku iliyoandikwa "Emau" basi linapita Abu Ghosh bila kusimama na kwenda kuegesha karibu na Latrun, kilomita kumi na kitu mbele kwenye barabara ile ile. Katekista wetu, mzee mwenye subira, alizilaza zote mbili mezani, akavua miwani, akauliza: "Kwani Emau ziko ngapi?"

Emau ni kijiji ambako, kwa mujibu wa Luka 24, wanafunzi wawili, mmoja akiitwa Kleopa, walimtambua Yesu mfufuka alipomega mkate. Sehemu zenye madai ya kusikilizwa kuwa kijiji hicho ni nne. Makala hii ni kwa anayetakiwa kuchagua: kiongozi wa hija anayepanga ratiba, mwalimu wa Biblia anayechora ramani ubaoni, au msomaji anayetaka tu kujua akiolojia imesema nini mpaka sasa.

Tuanze na lisilo na ubishi mkubwa. Mahali palipoitwa Emau palikuwapo. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo kinapataja mara kadhaa, na Flavius Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, anapataja pia. Shida ni kwamba Josephus anataja Emau mbili tofauti, na Luka hakusema yake ni ipi. Kwa hiyo swali la akiolojia hapa ni la kuoanisha: tuna hadithi, tuna majina, tuna magofu, na hatujui lipi ni la lipi.

## Vipimo kwanza

Umbali. Ukifungua Luka 24:13 katika Union Version, Biblia ambayo wengi wetu tumekulia nayo, Emau ni kijiji "kilichokuwa mbali na Yerusalemu kama mwendo wa saa mbili." Ukifungua Habari Njema, ni kilomita kumi na moja. Luka mwenyewe hakuandika saa wala kilomita. Aliandika stadia 60, na stadia moja ya Kirumi ni kama mita 185, ndiyo maana hesabu inafika kilomita 11. Watafsiri wa Union walimhurumia msomaji wakampa kipimo cha miguu. Ila miguu ya saa mbili kwenye vilima vya Uyahudi haifiki kilomita 11 kirahisi; jaribu ukiwa na mzigo mgongoni.

Kuna pia nakala za kale zisizosema 60. Kodeksi ya Sinai, moja ya Biblia kongwe tulizonazo, ya karne ya 4, inasema stadia 160, yaani karibu kilomita 30. Kodeksi ya Vatikano na papiro iitwayo P75 zinasema 60, na wataalamu wengi wa nakala wanaziamini hizo zaidi. Wapo wanaoona kwamba "mia" iliongezwa na wanakili waliokwisha kujua Emau wanayoitaka iko mbali. Neno moja la Kigiriki limehamisha kijiji kizima.

Na usisahau mstari wa 33. Wale wawili waliondoka "saa ile ile" wakarudi Yerusalemu, wakawakuta wale kumi na mmoja wamekusanyika. Umbali wowote utakaouchagua, uzidishe mara mbili, na nusu yake iwe ya kupanda mlima kiza kikiwa kimeingia au kinakaribia.

Jina. Majina ya mahali ni sugu kuliko kuta. Ibn Battuta alisikia Kulwa mwaka 1331, na leo bado tunasema Kilwa ingawa jumba la Husuni Kubwa ni magofu. Kwa hiyo tunauliza: je, jina Emau limedumu pale, au limebandikwa baadaye?

Udongo. Je, chini ya makanisa na barabara kuna tabaka la karne ya 1: vigae, sarafu, makaburi, nyumba? Kipimo hiki kina mpaka wake. Mchimbaji anaweza kukuonyesha kwamba watu waliishi mahali fulani enzi ya Pilato. Hawezi kukuonyesha meza ambayo mkate ulimegwa. Chakula cha jioni moja cha watu watatu hakiachi alama yoyote ardhini, na atakayekuambia ameipata nyumba ya Kleopa kwa jembe, muulize maswali zaidi.

Kumbukumbu. Wakristo walianza lini kusema "ni hapa"? Kumbukumbu ya karne ya 4 ina uzito kuliko ya karne ya 14, ingawa hata ya karne ya 4 imechelewa miaka 300.

Cha tano si kipimo cha ukweli bali cha safari: ukifika leo, utaona nini?

## Imwas, au Emau Nikopoli

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo penye mambo mengi.

Imwas iko mahali vilima vya Uyahudi vinapoishia na bonde la Ayaloni linapoanza, karibu kilomita 30 magharibi ya Yerusalemu, jirani na Latrun.

*Umbali.* Kwa stadia 160, inapita. Kwa stadia 60, inaanguka kabisa. Na hata ukikubali 160, kuna ile safari ya kurudi: Yerusalemu iko karibu mita 750 juu ya usawa wa bahari, Imwas iko chini sana ya hapo, kwa hiyo wanafunzi wangekuwa wamepanda zaidi ya mita 500 usiku baada ya kushuka mchana, kilomita 60 kwa siku moja. Ni kama kutoka katikati ya Nairobi kwa miguu hadi Athi River, kula, na kurudi. Wanaoitetea Imwas wana jibu: maneno ya Kigiriki yaliyotafsiriwa "mchana unakwisha" yanaweza kutumika mara tu jua linapoinama baada ya adhuhuri, kwa hiyo huenda walikula alasiri na si magharibi. Inawezekana. Furaha nayo huongeza miguu. Lakini kusema kweli, hapa ndipo Imwas inapotokwa jasho.

*Jina.* Hapa haina mpinzani. Mwaka 221 mwanazuoni Mkristo Julius Africanus alikwenda kwa kaisari na kurudi na hadhi ya mji pamoja na jina jipya la heshima, Nikopoli, "mji wa ushindi". Jina la serikali likafa, la wananchi likabaki. Waarabu walipoingia waliliita Amwas, na Waislamu wanaosoma sira wanalijua hadi leo kwa sababu ya tauni ya Amwasi ya mwaka 18 Hijria, 639 BK, iliyowaua masahaba wakubwa akina Abu Ubaida bin Al-Jarrah na Muadh bin Jabal. Nimeona mara zaidi ya moja Mkristo na Mwislamu wakizungumza habari za mahali hapa bila kujua kwamba wanazungumzia kijiji kimoja. Kijiji cha Imwas kiliendelea kukaliwa na Wapalestina mpaka Juni 1967, jeshi la Israeli lilipowaondoa wakazi na kuzibomoa nyumba. Sehemu kubwa ya ardhi yake sasa ni bustani iitwayo Canada Park. Jina limeishi zaidi ya miaka elfu mbili, wenye kulitamka kila siku ndio walioondolewa.

Kuhusu maana yake, wengi hulihusisha na neno la Kisemiti la chemchemi ya moto, mzizi ule ule uliotupa sisi "hamamu". Na hamamu la Kirumi lipo pale, limesimama karibu na magofu ya kanisa.

*Udongo.* Ushahidi ni mwingi, labda mwingi kupita kiasi. Yuda Makabayo, kiongozi wa uasi wa Wayahudi wa karne ya 2 KK, alimshinda hapa Gorgia, jemadari wa wafalme Wagiriki wa Siria, na baadaye jemadari wao mwingine, Bacchides, kwa maoni ya wengi akapazungushia ngome. Chini ya Warumi palikuwa makao makuu ya wilaya. Mwaka 4 KK, baada ya Herode kufa na ghasia kuzuka, gavana Varus alipachoma moto kulipiza kisasi kwa kikosi cha Warumi kilichoshambuliwa karibu na hapo. Mwaka 68 BK jemadari Mrumi Vespasian, aliyekuja kuwa kaisari, aliweka kambi ya legioni (kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi) ya Tano, na mawe ya makaburi ya askari wake yamepatikana.

Magofu makubwa ya kanisa la enzi ya Bizanti yalichimbuliwa kuanzia karne ya 19, kisha na mapadre Wadominiko Vincent na Abel wa shule ya Biblia ya Yerusalemu kati ya 1924 na 1930. Walipata kanisa lenye kuta tatu za nusu duara upande wa mashariki, sakafu za mozaiki, mahali pa ubatizo, na kanisa dogo la Wapiganaji wa Msalaba, wanajeshi Wakristo wa Ulaya wa karne ya 12, lililojengwa ndani ya lile kubwa. Vincent na Abel waliliweka kanisa la kwanza karne ya 3. Wengi waliowafuata wanaona ni la karne ya 5 au ya 6. Tofauti hiyo si ndogo. Kanisa la karne ya 3 lingekuwa shahidi wa kipekee, la karne ya 6 ni shahidi wa kawaida.

Na hapa kuna kipingamizi ambacho ratiba za hija hazikitaji: Luka anasema "kijiji". Emau hii ilikuwa mji wa wilaya. Watetezi hujibu kwamba baada ya moto wa Varus ilibaki kijiji mpaka ilipojengwa upya. Jibu lina mantiki, ila ni jibu la kujaza pengo.

*Kumbukumbu.* Ya kwanza kwa umri. Eusebi, askofu wa Kaisaria, mwanzoni mwa karne ya 4, aliandika kwamba Emau ya Kleopa ndiyo Nikopoli ya siku zake. Jeromu alikubaliana naye, akaongeza kwamba nyumba ya Kleopa ilifanywa kanisa. Hawa waliishi Palestina na walijua vilima vile. Swali ni kama walirithi kumbukumbu ya wenyeji, au walifanya kama tunavyofanya sisi: wakatafuta jina kwenye ramani.

*Leo.* Uwanja umetunzwa vizuri, unamilikiwa na Wakarmeli. Ulinunuliwa mwaka 1878 kwa msukumo wa Mariam Baouardy, mtawa Mkarmeli aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2015. Misa husomwa katikati ya magofu, kuta za kale zikiwa pande zote.

*Inamfaa* anayeamini kwamba jina na mashahidi wa kale wana uzito kuliko tarakimu, na yeyote anayetaka kuona akiolojia kwa macho badala ya kuisikia.

## Al-Qubeiba

*Umbali.* Kilomita 11 hadi 12 kaskazini-magharibi ya Yerusalemu. Stadia 60 kasoro kidogo au na ziada kidogo, kutegemea unaanzia lango gani. Ukitaka kijiji kinachotii nakala nyingi za Luka, ndicho hiki.

*Jina.* Hapana kitu. Al-Qubeiba kwa Kiarabu ni "kuba ndogo", neno lile lile la kuba tunalolitumia kwa paa la msikiti. Halihusiani na Emau, wala hakuna maandishi ya kale yanayopaita hivyo.

*Udongo.* Pana barabara ya Kirumi, na kando yake safu ya nyumba. Padre Bellarmino Bagatti, Mfransisko na mwanaakiolojia mwenye jina, alichimba hapa kati ya 1940 na 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea. Kilichojitokeza wazi kuliko vyote ni kijiji cha wakati wa Vita vya Msalaba, chenye nyumba, maghala na mashinikizo. Vigae vya zamani zaidi vipo, vya enzi ya Kigiriki na ya Kirumi, kwa hiyo huwezi kusema palikuwa pori tupu. Ndani ya kanisa la sasa utaonyeshwa msingi wa ukuta unaoheshimiwa kama nyumba ya Kleopa. Huo ni wa kuheshimu. Kuuthibitisha ni jambo jingine.

*Kumbukumbu.* Imechelewa sana. Mapokeo ya kupaita Emau yalikua baada ya ufalme wa Msalaba kuanguka, wakati mahujaji hawakuweza tena kutumia njia na makanisa ya zamani kwa uhuru. Mtu mwenye roho mbaya atasema mahujaji walihamishwa na barabara. Mtu mwenye roho nzuri atasema walipima stadia 60 na kusimama zilipoishia. Nadhani wote wawili wana sehemu ya ukweli.

*Leo.* Kanisa la Wafransisko lililowekwa wakfu mwaka 1902, kwenye ardhi iliyonunuliwa karne ya 19 na bibi Mfaransa, Pauline de Nicolay. Jumatatu ya Pasaka Wafransisko wa Nchi Takatifu hupanda kwenda huko kuadhimisha. Kijiji kiko Ukingo wa Magharibi, upande wa pili wa ukuta wa utenganisho, na ndiyo maana makampuni mengi ya safari hayakiweki kwenye ratiba. Ukikitaka itabidi ukiombe mapema na kutenga muda wa vizuizi vya barabarani.

*Inamfaa* anayeshikilia stadia 60 na asiyejali kwamba udongo umekaa kimya, pamoja na anayetaka kusali na jumuiya ya Wakristo na Waislamu wa Palestina kuliko kutembea kwenye magofu.

## Abu Ghosh, na kilima cha Kiriath-yearimu

*Umbali.* Kilomita 12 au 13 magharibi ya Yerusalemu, kwenye njia ya zamani ya Yafa. Karibu sana na stadia 60, na iko kwenye barabara kuu ambayo msafiri wa karne ya 1 angeipita. Hili la mwisho halitajwi vya kutosha. Al-Qubeiba nayo ina barabara, ila hii ndiyo iliyobeba watu wengi kati ya mlima na bahari.

*Jina.* Abu Ghosh ni jina la ukoo uliotawala njia hiyo na kuwatoza wasafiri enzi ya Waturuki. Kabla ya hapo ilikuwa Qaryat al-Inab, "kijiji cha zabibu". Kilima cha juu ni Kiriath-yearimu, ambako sanduku la agano lilikaa miaka ishirini kwa mujibu wa 1 Samweli 7. Kote huko hakuna Emau.

*Udongo.* Kanisa la Wapiganaji wa Msalaba la karne ya 12 limejengwa juu ya chemchemi, na maji bado yapo kwenye ukumbi wa chini. Katika ukuta wake kuna jiwe lililoandikwa kwa Kilatini kwamba kikosi cha legioni ya Kumi Fretensis kilikuwa pale. Legioni hiyo ndiyo iliyobaki kulinda Yerusalemu baada ya mwaka 70. Kwa hiyo Warumi walikaa kwenye chemchemi hii kweli, ila kikosi cha jeshi si kijiji cha Kleopa.

Jambo jipya linatoka kilimani. Mwaka 2017 na 2019 Israel Finkelstein wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na Thomas Römer wa Collège de France waliongoza uchimbaji Kiriath-yearimu. Walipata jukwaa kubwa la mawe wanaloliweka karne ya 8 KK, na dalili kwamba kuta zake zilikarabatiwa tena enzi ya Kigiriki. Wakapendekeza kwamba huo ukarabati ni ngome ya Bacchides, yaani Emau iliyotajwa kwenye 1 Wamakabayo 9:50, na kwamba huenda ndiyo Emau ya Luka. Magazeti yakaandika "Emau yapatikana". Wao wenyewe walikuwa waangalifu zaidi ya vichwa vya habari: walichokipata ni kuta, Emau ni hoja iliyojengwa juu ya kuta hizo, na haina jina wala maandishi ya kuitegemeza. Mimi naiona hoja nzuri inayongoja kigae kimoja chenye herufi.

*Kumbukumbu.* Karne ya 12. Wapiganaji wa Msalaba walitaka Emau ya stadia 60, wakakuta chemchemi, barabara na kivuli, wakajenga. Baada ya kushindwa mwaka 1187 kumbukumbu hiyo ikahamia kwingine.

*Leo.* Kati ya zote nne, kanisa la Abu Ghosh ndilo zuri kuliko yote kwa jicho na kwa sikio. Kuta zina michoro ya karne ya 12 iliyoparuzwa nyuso, Wabenediktini wanaimba zaburi, na sauti inazunguka ndani ya jiwe kiasi kwamba kijiji kina tamasha maarufu la uimbaji. Kama mna kwaya kwenye kundi, sijui mnangoja nini. Nje utakula hummus, rojo la dengu ambalo kijiji hiki kinajivunia kama Zanzibar inavyojivunia urojo.

*Inamfaa* kundi lenye muda mfupi, wapenda muziki, na anayependa utafiti unaoendelea kuliko jibu lililokauka.

## Motza, zamani Qaloniya

Hii wengi hawajaisikia, na wasomi kadhaa wanaipenda.

*Umbali.* Kilomita 6 hivi kutoka Yerusalemu ya kale. Ni stadia 30 tu. Kwa maandishi ya Luka imeshindwa, isipokuwa ukubali kwamba 60 ni hesabu ya kwenda na kurudi. Lakini kwa akili ya kawaida ya hadithi, hakuna inayoishinda: mnashuka bondeni mchana, mnakula magharibi, mnarudi mjini kabla watu hawajalala. Ule "mwendo wa saa mbili" wa Union Version, kwa kejeli kidogo ya historia, uko katikati ya Motza na Abu Ghosh, haumpi ushindi yeyote.

*Jina.* Josephus anasema Vespasian aliwapa askari wastaafu 800 makazi mahali paitwapo Emau, stadia 30 kutoka Yerusalemu. Makazi ya wastaafu kwa Kilatini ni *colonia*, na kijiji cha Waarabu kilichokuwa hapo hadi Aprili 1948 kiliitwa Qaloniya. Jina jipya lilimfukuza Emau, lakini kwa kumfukuza likatuachia njia ya kumfuata. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, nayo inaitambulisha Motza, ambako Wayahudi walikata matawi ya mierebi kwa ajili ya sikukuu ya Vibanda, kuwa ndiyo Kolonia. Waandishi wawili wasiojuana wanaelekeza bonde moja. Mimi hilo linanigusa.

*Udongo.* Carsten Peter Thiede, msomi Mjerumani, alichimba kuanzia 2001 hadi alipofariki mwaka 2004, na timu yake ilitangaza mabaki ya makazi ya Kiyahudi ya wakati wa Hekalu la Pili, lile lililobomolewa mwaka 70 BK. Upanuzi wa barabara kuu namba 1 ukaleta uchimbaji wa dharura, na bonde likatoa mambo makubwa kuliko Emau yenyewe: hekalu la wakati wa wafalme wa Yuda, lililofichuliwa mwaka 2012, na makazi ya miaka kama 9,000 iliyopita. Emau ikawa habari ya ukurasa wa ndani.

*Kumbukumbu.* Sifuri. Hakuna hujaji wa kale aliyesimama hapa akasema "ni hapa".

*Leo.* Hakuna kanisa la hija wala mtu wa kukupokea. Ni barabara kuu na bonde lenye magofu. Ukimleta mama mwenye rozari mkononi atakuuliza Emau iko wapi, nawe utamwonyesha daraja la magari.

*Inamfaa* msomaji, mwalimu wa seminari, na anayetaka hoja kuliko mahali pa kupiga magoti.

## Kwa hali yako

Ukiwa unafundisha au unahubiri na una dakika kumi tu, usiwachoshe watu na sehemu nne. Waambie Luka aliandika stadia 60, nakala chache zinasema 160, na Emau yenye kumbukumbu kongwe ni Imwas. Usiseme "wanaakiolojia wamethibitisha". Sema "wanaakiolojia wamepata kanisa la Bizanti mahali ambapo Eusebi alisema ni Emau". Sentensi hiyo ni ndefu zaidi, na hakuna mwanafunzi mjanja atakayekuangusha nayo.

Ukiwa unabishana na mtu anayesema kijiji kilitungwa, Motza na Imwas ndizo silaha zako, kwa sababu zote mbili zina Josephus nyuma yake. Al-Qubeiba na Abu Ghosh ziache nje ya mjadala huo. Ni za ibada zaidi kuliko za ushahidi wa jina.

Ukiwa una nafasi moja maishani na unataka kuona kitu, nenda Imwas. Ukitaka kusikia kitu, nenda Abu Ghosh.

Ukiwa kiongozi wa kundi lenye ndege ya usiku, zote mbili ziko karibu na barabara kuu ya kutoka Yerusalemu kwenda uwanja wa ndege wa Ben Gurion, na Misa ya mwisho ya hija hukaa vizuri mahali ambapo wasafiri waligeuza njia. Ila mwambie mwongozaji aseme wazi kwamba ni mapokeo gani mnayoyafuata, watu wasirudi nyumbani wakisuta waliokwenda Emau nyingine.

Ukiwa unataka kuhisi mstari wa 33 kwenye magoti, ipo njia ya miguu iliyowekewa alama kati ya Abu Ghosh na Nikopoli, karibu kilomita 20. Itembee kwa kushuka. Kisha simama kwenye magofu, geuka, tazama vilima ulivyotoka, na ujiulize kama ungevirudia usiku huo. Jibu lako litakuambia unaamini 60 au 160.

Na ukiwa Pasaka yenyewe uko Yerusalemu na una siku ya Jumatatu, tafuta gari la kwenda Al-Qubeiba pamoja na Wafransisko, vizuizi na vyote.

Katekista wetu aliponisikiliza mpaka mwisho, alivaa miwani, akachukua kalamu, akakata neno "Emau" kwenye ratiba ya kwanza na kuandika "Abu Ghosh" juu yake. Kwenye ya pili akaandika "Imwas". Kisha akaniuliza kama nauli ya basi inatosha kufika zote mbili kwa siku moja. Nikamwambia inatosha, moja iko njiani kwenda kwa nyingine.